Tumsikilize Mefiboshethi Mwenyewe

Somo: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30

  Tunawasalimu ninyi wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa Likasi mjini. Tunawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mnaotusikia mkiwa kitandani, ambao redio imekuwa kanisa lenu kwa sababu miguu haiwezi tena kufika ibadani. Neno la leo linawahusu ninyi kwanza. Linawahusu pia wale wanaowatunza, na sisi kanisa tunaokuja kuwatembelea.

Fungueni Biblia katika kitabu cha pili cha Samweli. Tutafuata habari za mtu mmoja tu, Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Mara nyingi tunasikia mahubiri ya sura ya 9 peke yake: Daudi anamtafuta kilema, anamwita, anamketisha mezani pake. Tunasema Amina na kwenda nyumbani. Lakini habari haikuishia mezani. Ukisoma mpaka sura ya 19 utaona jinsi mtu huyu alivyonyang'anywa na yule aliyewekwa kumtumikia, na jinsi mfalme mwema alivyodanganywa. Tunaileta leo kwa sababu mambo yale yanafanyika katika nyumba za mji wetu, na nyumba nyingine ni za watu wanaoomba.

MLEZI ALIYEKIMBIA PEKE YAKE

Katika sura ya 4 tunasoma kwamba habari ya kifo cha Sauli na Yonathani ilipofika, mlezi alimchukua Mefiboshethi, mtoto wa miaka 5, akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili.

Biblia haisemi kwamba mlezi yule alikuwa mtu mbaya. Alitaka kumwokoa mtoto. Lakini alikuwa na hofu, alikuwa na haraka, na hatuoni mtu mwingine wa kumsaidia kubeba. Aliyeumia ni yule aliyebebwa.

Tunaanzia hapo kwa sababu hatutaki mtu anayemtunza mzazi wake alipokee neno hili kama fimbo. Tunajua kazi mnayoifanya. Kumgeuza mtu aliyepooza usiku wa manane, kumwosha, kumlisha kijiko kwa kijiko, kufua mashuka siku ambayo maji ya robine hayatoki, kisha asubuhi kwenda sokoni kutafuta cha kula. Mtu akifanya hivyo miezi na miaka bila wa kumpokea, mikono inachoka, na moyo nao unachoka. Siku moja anamsukuma mzee. Siku nyingine anamtukana. Siku ya tatu anafunga mlango kwa kufuli na kuondoka mpaka jioni, mzee akiwa ndani bila maji ya kunywa.

Uchovu haufanyi pigo liwe haki. Mzee aliyesukumwa na mtu aliyechoka anavunjika nyonga sawasawa na aliyesukumwa na adui. Lakini ninyi ndugu wengine wa familia, mnaotuma salamu kwa simu na kuja siku ya matanga na shati jeusi, mjue kwamba mlezi anayeachwa peke yake ni hatari kwa anayemtunza. Ukitaka mama yako awe salama, mpumzishe dada yako anayemwosha. Njoo Jumamosi, kaa na mama, dada aende kanisani au alale tu. Hiyo ni ibada.

SIBA NA PUNDA

Mefiboshethi alikua. Daudi akamrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli, na kwa kuwa hakuweza kulima, akamweka Siba, mtumishi wa zamani wa nyumba ya Sauli, awe mtunzaji wa mali. Siba alikuwa na wana 15 na watumishi 20. Kwa macho ya watu mpango ulikuwa mzuri kabisa. Kilema amepata mali na watu wa kumtumikia, na siku zote anakula mezani pa mfalme.

Kisha siku mbaya zikaja. Absalomu akamwasi baba yake, Daudi akakimbia kutoka Yerusalemu. Njiani nani anamlaki? Siba, na punda wawili wametandikwa, na mikate 200, zabibu kavu, matunda na divai. Daudi akamwuliza bwana wake yuko wapi. Siba akajibu kwamba amebaki Yerusalemu, anangojea kurudishiwa ufalme wa babu yake. Pale pale njiani Daudi akakata shauri: mali yote ya Mefiboshethi sasa ni ya Siba.

Miezi ikapita, Daudi akarudi, ndipo kwa mara ya kwanza akamwuliza Mefiboshethi mwenyewe. Akajibu kwamba aliagiza atandikiwe punda aende pamoja na mfalme, kwa sababu yeye ni kilema; lakini mtumishi wake alimdanganya, kisha akamsingizia kwa mfalme.

Wapendwa, angalieni punda yule. Kwa mtu mwenye miguu mizima, punda ni msaada. Kwa Mefiboshethi punda ni miguu yake, ni mdomo wake, ni njia yake ya kumfikia mfalme na kujieleza. Siba hakuhitaji kumpiga wala kumfunga kamba. Alichukua punda tu, na baada ya hapo aliweza kusema lolote.

Kila mtu dhaifu katika nyumba zetu ana punda wake. Kwa huyu ni magongo. Kwa huyu ni miwani. Kwa mwingine ni simu, ambayo mjukuu ameichukua pamoja na kode ya M-Pesa, na fedha ambazo mtoto aliye Lubumbashi au Kolwezi anatuma kwa ajili ya dawa, mama hazioni. Kwa mwingine ni karte ya uchaguzi, ambayo bila hiyo hawezi kujitambulisha popote. Kwa mwingine ni ufunguo wa mlango. Ukiingia katika nyumba anamotunzwa mgonjwa, ujiulize ni nani anashika punda.

Tena angalieni kwamba Siba hakuwa mgeni. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa usiku tunamlilia na majirani wote wanatoka. Lakini anayemwumiza mzee kitandani ni mtu mwenye ufunguo, anayejua mahali karatasi zinapowekwa, ambaye mtaa mzima unamsifu kwa uvumilivu wake. Na mara nyingi anakuja kwetu wachungaji na mikate. Anatoa sadaka vizuri, anapokea wageni vizuri, na mzee akitaka kusema neno, yeye anamjibia: "Mumwache, akili zake zimechoka."

KOSA LA DAUDI

Daudi alikuwa mtu aliyeupendeza moyo wa Mungu, na nia yake kwa Mefiboshethi ilikuwa njema. Hata hivyo alimhukumu mtu ambaye hakumsikia. Alisikia maneno ya mtunzaji, akaona mikate, akakata shauri. Upendo alikuwa nao. Alichokosa siku ile ni kuuliza.

Basi hili ndilo neno letu la leo, na kama mtasahau mengine yote mshike hili: anayetunzwa asikilizwe yeye mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, mahali ambapo anayemtunza hasikii.

Kuna jambo jingine katika sura ya 19. Mefiboshethi alipokuja mbele ya Daudi, hakuwa ametunza miguu yake, wala kukata ndevu, wala kufua nguo tangu siku ile mfalme alipoondoka. Yalikuwa maombolezo yake. Siba alisema kwamba mtu huyu anafurahia kuanguka kwa Daudi; mwili wa Mefiboshethi ulisema kwamba amekaa katika huzuni siku zote zile. Mwili ulimpinga msemaji. Kwa hiyo tukimtembelea mgonjwa, tuutazame mwili. Amekonda upesi kuliko ugonjwa wake unavyoeleza? Ana alama mkononi kama za kamba? Ana vidonda mgongoni na kiunoni kwa sababu hageuzwi? Shuka limelowa tangu jana? Anashtuka mtu fulani anapoingia? Tukiuliza swali, anatazama kwanza uso wa nani kabla ya kujibu?

Na mwisho wake je? Daudi hakumrudishia yote. Alisema Siba na Mefiboshethi wagawane mashamba. Na Mefiboshethi akajibu kwamba Siba achukue yote, maadamu mfalme amerudi kwa amani. Haki iliyochelewa ilifika nusu. Na mwenye haki hakupigana. Wazee wetu wengi ni hivyo. Ukiwauliza wanasema: "Acha tu, mwanangu, Mungu anaona." Ni kweli kwamba Mungu anaona. Lakini mzee anayesema "acha tu" hajasema kwamba ameridhika. Pengine anaogopa kwamba akimshitaki mtoto wake, kesho hakuna atakayemletea uji.

KATIKA MJI WETU

Mji wetu ni mji wa wafanyakazi. Tangu siku za Union Minière, wakati mji ungali ukiitwa Jadotville, hata siku za Gécamines, baba zetu walifanya kazi ya shaba pale Shituru, na wengine kazi ya reli. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa miaka mingi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Aliyekuwa na miaka 50 mwaka ule amekwisha kupita 70 leo. Wengi wao wanaishi katikati yetu. Huyu amepooza upande mmoja kwa ajili ya tansyo, huyu haoni, huyu anasahau hata jina la mke wake. Hapa kwetu watu hawa wanatunzwa nyumbani, na ni vizuri. Lakini nyumba ina mlango, na mlango ukifungwa hakuna anayeona.

Tuchukue mfano. Mzee amebaki mjane. Ana parsele na nyumba aliyoipata kwa jasho lake. Kijana wa ukoo anakuja kukaa naye "ili asiwe peke yake." Mwezi wa kwanza mambo ni mazuri. Mwezi wa tatu chumba cha mzee kinapangishwa, mzee anahamishiwa nyuma, karibu na jiko. Mwezi wa sita wanakuja watu wawili na karatasi, wanamshika mzee kidole na kukikanyagisha wino. Hakusomewa kitu. Watoto wake walio mbali wanapopata habari, nyumba ina mwenye mpya. Mnajua wenyewe kama mfano huu uko mbali na avenyu yenu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, karibu mmoja ametendewa vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, wala si wazee wanaoishi peke yao tu. Tukihesabu vitanda tunavyotembelea, tusidhani kwamba jambo hili limepita nyumba zetu.

KWA JINA LA MUNGU

Sasa tuseme jambo linalotuhusu sisi watu wa maombi, na tuliseme wazi.

Liko baya linalotendwa kwa wagonjwa na wazee huku Biblia ikiwa mkononi. La kwanza ni neno "mlozi". Mtoto anaugua, kazi inapotea, mimba inaharibika, na mtu anakuja na ufunuo kwamba sababu ni nkambo aliyelala chumba cha nyuma. Tangu siku ile sahani yake inatengwa, wajukuu wanakatazwa kumkaribia, na wengine wanapigwa mpaka wakubali kosa ambalo hawakutenda. Huko Usukumani, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ulitoka katika moshi wa jiko la miaka mingi. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wamesingiziwa uchawi na kuuawa, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi liko shamba ambalo jamaa wanataka kuligawana. Pale Ganze, katika Kilifi hiyo hiyo, iko nyumba ya Kaya Godoma inayowapokea wazee waliokimbia watu wa damu yao wenyewe. Hapa kwetu pia, mtu anaposema "mlozi", uliza kwanza: parsele ni ya nani?

Hakuna mtumishi wa Mungu aliyepewa ruhusa ya kumtaja mzee kuwa mlozi. Maombi ya ukombozi hayana fimbo, hayana kamba, hayana pilipili machoni. Mgonjwa hafungishwi kula kwa nguvu siku tatu. Sheria ya makosa ya jinai ya nchi yetu inamwadhibu anayemsingizia mtu jambo la kuharibu heshima yake, na inamwadhibu pia anayemtia mtu katika maumivu ya mwili, hata kama amekubali, ili kutafuta nani mwenye kosa. Anayefanya hivyo ndani ya kanisa amefanya kosa lile lile.

La pili ni dawa. Tunaamini kwamba Yesu anaponya. Lakini kumnyang'anya mzee vidonge vyake vya tansyo au dawa yake ya kisukari na kumwambia kwamba akivimeza hana imani, hayo si maombi. Mtu mzima mwenye akili timamu anaamua mwenyewe juu ya dawa yake pamoja na daktari wake. Aliyeponywa, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza. Bwana Yesu alimtuma mwenye ukoma akajionyeshe kwa kuhani. Hakuogopa kazi ya mikono yake ipimwe.

La tatu ni sadaka. Mtu aliyelala kitandani asiombwe fedha na mtu aliyekuja kumwombea. Katika Marko 12:40 Bwana aliwakemea walimu waliokula nyumba za wajane huku wakiomba sala ndefu. Mistari inayofuata inatuonyesha mjane akitoa senti zake za mwisho. Tusisome hiyo tukaruka ule wa kwanza.

UTARATIBU WA KUTEMBELEA

Katika Matendo 6, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema "tuombee jambo hili" halafu basi. Walichagua watu 7 wenye sifa njema na kuweka utaratibu. Sisi pia tunahitaji utaratibu. Mashemasi, ba mama wa huduma na viongozi wa selile za maombi, mwandike haya:

1. Twende wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi. Mtu asiingie peke yake chumbani kwa mgonjwa, hata kama ni mchungaji.

2. Mwanamke aoshwe na wanawake, mwanamume na wanaume, na kwanza aulizwe kama anakubali. Mwili wake bado ni wake.

3. Kila mara tuombe dakika chache za kuzungumza naye bila watu wa nyumba. Tuseme kwa heshima: "Mama, utuache kidogo na baba, tuna neno la kanisa." Mlango ubaki wazi kidogo. Mtu akikataa kila mara, tuandike kwamba amekataa.

4. Tumwulize maswali mepesi: Unakula mara ngapi? Dawa inakufikia? Kuna mtu unayemwogopa? Simu yako iko wapi? Kisha tunyamaze, tumpe nafasi ya kujibu polepole. Asiyeweza kusema anaweza kubana mkono.

5. Tusipokee karatasi ya nyumba, karte ya benki wala kode ya simu ya mgonjwa kwa kuitunza. Tusiwe mashahidi wa sahihi au kidole kwenye karatasi ambayo hakusomewa katika lugha anayoisikia.

6. Tusimpige picha akiwa uchi au katika uchafu na kuituma kwenye WhatsApp kwa jina la kutafuta msaada. Mambo ya Walawi 19:32 inatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi na kumheshimu.

7. Daftari la ziara liwepo: siku, majina ya waliokwenda, walichoona. Siba alishinda kwa sababu hakukuwa na aliyeandika wala aliyerudi kuangalia.

UKISIKIA NENO

Siku moja mgonjwa atakubana mkono na kusema. Ufanye nini?

Msikilize mpaka mwisho. Usimwambie kwamba mwanawe hawezi kufanya hivyo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia, na umwulize anataka nini. Usiende moja kwa moja kumgombeza anayeshutumiwa, maana wewe utarudi kwako, na mzee atabaki naye usiku.

Kama kuna jeraha au njaa, kwanza kituo cha afya. Infirmiye au daktari aandike alichoona. Ndipo jambo lipelekwe kwa watoto au ndugu wengine wanaoaminika, na kwa shefu wa kartye. Kama ni kipigo, kubakwa, wizi wa nyumba, au mtu amefungiwa ndani, twende polisi au parke. Jambo la damu halimalizwi katika ofisi ya mchungaji kwa kushikana mikono. Kusamehe ni kazi ya aliyeumizwa, kwa wakati wake. Haimwondolei mtu hukumu ya sheria.

Wengine husema mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 49, inasema mzee na mwenye ulemavu wana haki ya ulinzi wa pekee. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Kodi ya familia inawadai watoto kuwasaidia wazazi wao wenye uhitaji. Na Paulo katika 1 Timotheo 5:8 amesema maneno makali kuliko yote hayo juu ya mtu asiyewatunza walio wake. Soma mwenyewe.

KWENU MLIO KITANDANI

Baba, mama, nkambo, ndugu uliyelala na unatusikia: wewe si mzigo uliosahauliwa na Mungu. Mefiboshethi alijiita mbwa mfu, lakini mfalme hakumwita hivyo. Alimwita kwa jina lake.

Kama anayekutunza anakutunza vizuri, mshukuru leo, mwombee, mpe baraka. Kazi yake Mungu anaihesabu.

Kama anayekutunza ndiye anayekuumiza, na sasa yumo chumbani anasikia pamoja nawe, huna haja ya kusema neno. Ngojea. Watumishi watakapokuja, omba kuzungumza nao wawili peke yao. Au mwambie infirmiye, au jirani anayekuletea maji. Usipoaminiwa na wa kwanza, mwambie wa pili. Kusema ukweli hakumtukani mtoto wako. Mefiboshethi alimsema Siba mbele ya mfalme, na Biblia haikumhesabia dhambi.

Nawe unayemwumiza, unatusikia pia. Rudisha simu leo. Fungua mlango leo. Tafuta mtu wa kukusaidia kama mzigo umekushinda, njoo, utapokelewa. Lakini usitumaini mikate 200. Mfalme anarudi.

Tuombe. Bwana Yesu, msalabani, katika uchungu wako mwenyewe, ulimtafutia mama yako mtu wa kumtunza. Uwaangalie wazee na wagonjwa wa Kikula na wa mji wote wa Likasi. Uwatie nguvu wanaowaosha na kuwalisha kwa upendo. Uzuie mkono unaopiga na mkono unaoiba. Utupe masikio ya kusikia sauti ndogo inayotoka chumba cha nyuma, na miguu ya kwenda. Kwa jina lako tumeomba. Amina.